Mfinyanzi Hajulikani

Vijana wa kampuni walikuja kunisalimia nyumbani Rongo, wakaniletea saa ya ukutani. Mpaka leo sijui kwa nini mtu akiacha kazi anapewa saa, wakati ndiyo kwanza hana haja nayo. Basi Chacha, yule Mkuria anayeendesha gari langu siku hizi, akaniambia, "Mzee, andika hizi hadithi zako. Ukienda nazo utakuwa umetuibia." Nikamwambia mimi shule niliachia darasa la nne. Akasema hata yeye akisoma husoma polepole, kwa hiyo tutakutana njiani.

Haya, tukutane. Mkifika mahali nimeandika vibaya, someni kwa sauti, mtasikia nilichotaka kusema.

Nilianza kama tanboi, msaidizi wa dereva. Siku ya kwanza Mzee Obura, dereva aliyenifundisha kazi, hakunionyesha injini wala usukani. Alinipa gogo la mti lenye umbo la kabari akaniambia, "Gari likisimama, hili linakuwa chini ya gurudumu kabla mguu wangu haujagusa ardhi. Likichelewa, wewe ndiye utalala pale." Nililibeba gogo hilo miaka mingi, hata magari yalipokuja na breki za kuaminika. Mzee Obura alikuwa hasomi kabisa, lakini gari lilikuwa likikohoa kidogo tu Kendu Bay, anakwambia ni chombo gani kitakufa mkifika Oyugis. Na kinakufa. Niliwahi kufikiri anaviroga.

Nilipokabidhiwa usukani, kampuni ilikuwa imeanza kukodisha mabasi kwa vikundi: walimu, vyama vya akina mama, kwaya, wazee wa ukoo. Wanataka kwenda kuona dunia. Kwetu Migori na Homa Bay dunia iko karibu, unavuka Isebania umeshatoka nje ya nchi, watu wanapiga picha na ile nguzo ya mpaka kama wamefika ng'ambo ya bahari. Madereva wengi hawakupenda kazi hiyo. Kikundi kina maneno. Kuna mtu wa kutapika, kuna mtu aliyesahau kadi ya manjano ya chanjo, kuna mama aliyeficha omena, wale dagaa wetu wakavu, chini ya kiti kwa sababu anaogopa chakula cha wenyewe. Mimi niliipenda, na nitawaambia ukweli jinsi nilivyoanza kuipenda: nilikuwa natafuta choo.

Ilikuwa Kampala. Walimu wangu walikuwa wameingia makumbusho, mimi nimebaki na gari kama dereva mwenye akili. Haja ikanibana. Nikaingia, nikauliza, nikaelekezwa vibaya, nikatokea kwenye chumba chenye mivukuto ya mhunzi. Ile ya ngozi ya mbuzi, ya kupulizia moto. Babu yangu alikuwa nayo! Nilidhani ilikufa naye. Nilisimama pale nikasahau kilichonileta, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyekuwa na haraka kama mimi. Walimu walinikuta hapo hapo. Mmoja akacheka, "Dereva, kumbe na wewe ni msomi?" Nikamjibu hapana, mimi ni mjukuu.

Tangu siku hiyo sikubaki garini tena. Niliegesha, nikafunga, nikaweka gogo langu, nikaingia na watu. Nimeingia kwenye makaburi ya wafalme, tukavua viatu, na mzee mmoja wa Ndhiwa akagoma kuvua kwa sababu soksi zake zilikuwa na matundu; akina mama wakamwambia wafalme wameona mabaya zaidi ya vidole vyake. Nimeona paa la nyasi lililoezekwa kwa ustadi hata ukiangalia juu shingo inauma na bado hutaki kushusha macho. Nimeona mtumbwi wa mti mmoja, mrefu kuliko basi langu. Nimewaona watu wanaolinda vitu hivi, wanapangusa vumbi kila asubuhi kwenye kigoda ambacho hakuna atakayekikalia. Mimi nawaheshimu sana watu hao. Mshahara wao siujui, lakini nadhani hauwafikii.

Sasa, vijana, mambo ya kazi. Kuvuka mpaka na kikundi, beba faili la plastiki lenye kifungo, si bahasha. Karatasi za gari mbele, za watu nyuma, na orodha ya majina nakala nne, kwa sababu kila ofisa atataka yake na wa mwisho atapoteza. Beba laini ya simu ya Tanzania na ya Uganda, ziwe na salio, maana ile yako ya nyumbani itakufia pale pale unapoihitaji. Na hesabu watu kwa vichwa, sio kwa kuuliza "tuko wote?" Ukiuliza hivyo, hata asiyekuwepo anajibiwa na jirani yake.

Hiyo laini ya Tanzania ndiyo inanileta kwa Mama Turfena, na naona ndiye niliyekuwa nataka kumwandika tangu mwanzo. Hayo mengine nilikuwa napasha gari moto.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikuwa nimebeba akina mama Wasabato kutoka Oyugis, siku tatu Mwanza. Mwenyekiti wao aliitwa Mama Dorsila, mwanamke mkubwa mwenye filimbi shingoni. Ndiyo, filimbi, ya refa wa mpira. Alikuwa mwalimu wa michezo zamani na hakuona sababu ya kuiacha. Siku ya kurudi ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwa Msabato ni siku ya maandalio: kila kitu kiwe kimeisha kabla jua halijazama, maana likizama Sabato imeingia, hakuna safari, hakuna shughuli. Mama Dorsila alinishika mkono asubuhi hiyo. "Baba Ochi," akaniambia, na hilo ndilo jina langu kwa wateja, "tunaangalia makumbusho kidogo tu. Saa tano kamili gari ling'oe nanga. Nataka jua linizamie nikiwa kwangu."

"Saa tano, mwenyekiti."

"Nikipiga filimbi usitafute kiatu."

Makumbusho yenyewe yalikuwa madogo, nje ya mji, na jina lake sitalitaja kwa sababu mwenye makumbusho hakunituma. Vyumba vitatu na ua. Akina mama wakaingia kwa kelele, wakacheka ngoma, wakabishana kama kile ni kinu au kiti. Mama Turfena alikuwa wa mwisho. Bibi mwembamba, mfinyanzi wa vyungu, ambaye alipata nafasi kwa sababu mwenzake aliugua. Siku tatu nzima alikuwa hajasema maneno kumi. Alipita ngoma, akapita mikuki, anatembea kama mtu anayekwenda kuchota maji. Halafu kwenye chumba cha tatu akasimama.

Palikuwa na vyungu sita juu ya meza ndefu, kamba imezungushwa. Aliinama, akaangalia chungu cha nne, akainama upande wa pili. Akaniita.

"Baba Ochi. Soma hii karatasi inasema nini."

Nikasoma, kidole kikitangulia. "Chungu cha maji. Kutoka kando ya ziwa. Mfinyanzi hajulikani."

"Hajulikani na nani?"

"Wameandika tu hajulikani, mama."

"Mimi namjua. Hii chungu ni ya mama yangu."

Nilidhani ni utani wa uzee. Lakini bibi yule alikuwa ameishika ile kamba kwa mikono miwili. Akanieleza kwa Kijaluo, haraka, kwamba mama yake alikuwa akifinyanga, na wenye mashua walikuwa wakichukua vyungu vyake kuvusha upande wa Tanganyika wakirudi na mtama. Hakuna kilichobaki nyumbani. Cha mwisho kilivunjika siku ya matanga yake, watu walipokuwa wengi. "Hata kigae sina," akasema. "Na hapa wameandika hajulikani."

Nikaenda kumwita mhifadhi. Alikuwa bwana wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi, mpole kama wenzetu wa Tanzania walivyo, mpaka unaanza kujishuku.

"Shikamoo, mama," akamwamkia.

"Mzuri sana," Mama Turfena akajibu.

Bwana yule hata hakutabasamu. "Naomba nielewe, mama yangu. Umekitambuaje chungu hiki?"

"Angalia mistari." Alionyesha zile alama ndogo zinazozunguka shingo ya chungu, zinazowekwa kwa kuviringisha kamba ya nyasi juu ya udongo mbichi. "Hizi chungu zingine zote, mistari inalala hivi. Hii peke yake inalala hivi."

Tukaangalia. Kweli. Vyungu vitano mistari imeegemea upande mmoja, kile cha nne upande mwingine. Mimi ningepita pale mara mia nisione.

"Mama alikuwa wa mkono wa kushoto," akaendelea. "Walimchapa akiwa mtoto mpaka akala na wa kulia. Akasalimia na wa kulia. Lakini udongo hauna mtu wa kukemea. Kamba alisokota na kushoto, juu ya paja la kushoto. Ikisokotwa hivyo inajipinda vingine."

Mhifadhi akavaa miwani. "Mama, nakusikia. Ila ningependa kuona kwa macho."

"Nipe udongo."

Udongo hakuwa nao. Ua lote lilikuwa kokoto. Mama Turfena akafikiri kidogo, kisha akanigeukia mimi. "Ule ugali wa safari uko wapi?"

Sasa, ugali huo akina mama walikuwa wameupika alfajiri, umo ndani ya hotpoti kubwa, ndio chakula cha njiani cha watu thelathini. Nilipoenda kuuchukua, Mama Dorsila alinizuia mlangoni pa gari.

"Unapeleka wapi chakula?"

"Mama Turfena anataka kufinyangia."

"Kufinyangia nini?"

"Ugali."

Aliniangalia kama mtu aliyenusa pombe. Akanifuata ndani, na akina mama wengine wakamfuata yeye. Bibi alikata bonge, akalipigapiga likawa laini kama ukuta wa chungu. Mhifadhi akaleta nyuzi za katani. Mama Turfena akakaa sakafuni, akasokota kamba ya kwanza kwa mkono wa kulia, akaiviringisha juu ya ugali. Mistari ikalala kama ile ya vyungu vitano. Akasokota ya pili kwa kushoto, polepole, kwa shida, ulimi nje, maana huo si mkono wake. Akaviringisha.

Mhifadhi alilibeba lile bonge kwa mikono miwili mpaka kwenye chungu cha nne. Akalinganisha. Mistari ya kushoto ililala sawasawa na ya chungu.

"Ndiyo chenyewe," mama mmoja akanong'ona.

"Wafinyanzi wa mkono wa kushoto wanaweza kuwa wengi, mama," mhifadhi akasema, lakini hakuwa anabisha, alikuwa anauliza.

"Nitajie mmoja."

Nimekutana na wasomi wengi katika kazi hii, na wengi wao ukiwaonyesha kitu wasichokijua wanakasirika. Huyu alikunja miwani akasema, "Siwezi kuandika kwamba ni hakika. Naweza kuandika kwa maelezo ya bintiye. Na neno 'hajulikani' nitalitoa." Akatoa kalamu. "Haya. Jina la mama yako?"

"Nyar Sakwa."

Mimi nikaeleza: hiyo ni binti wa Sakwa, ndivyo mwanamke aliyeolewa anavyoitwa kwetu, kwa alikotoka.

"Sawa. Wanawake wa huko ni wengi. Jina lake mwenyewe?"

"Min Turfena."

"Hiyo ni mama wa Turfena, na Turfena ni huyu," nikasema.

"Hilo ni jina lako, mama. La kwake ni lipi?"

Nikaona uso wa Mama Turfena unabadilika, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta hana ufunguo. Alikuwa hajui. Na msicheke, vijana. Kwetu nani humwita mama yake jina? Baba alimwita kwa watoto wake, majirani wakamwita kwa kwao, watoto wakamwita mama. Jina lenyewe lilikaa ndani ya nyumba aliyozaliwa, likabaki huko alipoolewa.

"Alibatizwa?" Mama Dorsila akauliza.

"Siku ya mwisho, kitandani. Wakampa Maria. Asubuhi akafa."

"Basi andika Maria!"

"Hapana." Bibi alisema kwa nguvu mpaka tukashtuka. "Hiyo alivaa siku moja. Haikufinyanga kitu."

Ilikuwa saa tano kasoro dakika chache. Mama Dorsila alishika filimbi yake. Namsifu kwa hili: aliishika tu.

Nikamuuliza bibi kama kuna mtu yeyote aliye hai aliyemjua mama yake akiwa msichana. Akasema yuko mjomba mmoja, kaka mdogo wa mama, Mzee Ondiek, anaishi Sori na mjukuu mwenye simu. Ile simu haikupatikana. Tukajaribu tena. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Nilinunua vocha nyingine, nikazunguka ua mzima nikitafuta mtandao kama mtu anayetafuta mbuzi. Mama Dorsila alikuja akasimama karibu yangu, akaangalia jua, akaangalia mti, akaangalia jua tena.

"Baba Ochi, tukiondoka sasa hivi, jua litazamia wapi?"

"Karibu na Migori, mwenyekiti."

"Na tukingoja?"

"Tarime. Au kabla."

Kisha akawageukia wenzake. "Tutapokea Sabato Tarime. Mungu yuko Tarime pia. Nani ana jamaa mwenye nyumba kubwa huko?" Wawili wakainua mikono. Nilimwona mwanamke huyo mkubwa kuliko nilivyodhani, na alikuwa mkubwa tangu mwanzo.

Saa saba simu ikashika. Nikaweka sauti nje. Mzee Ondiek hasikii vizuri, kwa hiyo makumbusho yote yalisikia.

"Nera! Mjomba! Ni mimi Turfena!"

"Turfena amekufa?"

"Ni mimi nazungumza! Mjomba, mama aliitwa nani? Jina lake la kuzaliwa!"

"Nani amejifungua?"

Hapo akina mama wakaangua kicheko, na nitawafafanulia nyinyi msio Wajaluo: kwetu jina la marehemu huulizwa mtoto mchanga akilia sana, akitafutiwa jina la mtu wa ukoo.

"Hakuna aliyejifungua! Ni chungu!"

"Chungu kimejifungua?"

"Mjomba! Chungu cha mama kiko hapa Tanzania, wanataka kuandika jina!"

"Wanataka kuandika..." Sauti ya mzee ikawa kali. "Ni mambo ya shamba hayo. Mimi sitii kidole mahali popote. Nani huyo wakili?"

Mama Turfena akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mdomoni. Hakupiga kelele tena. Alimwambia kwa Kijaluo, neno moja moja, "Mjomba, mkono wake wa kushoto uko hapa. Nimeuona. Wamesema hajulikani."

Sijui kama mzee alisikia kwa sikio au kwa kitu kingine. Akasema, "Agola. Alikuwa Agola. Mama yetu alimzaa barazani, hakuwahi kufika ndani." Agola kwetu ndiyo baraza ya nyumba. Mzee akaongeza, "Mimi ndiye wa mwisho wa kumwita hivyo."

Mhifadhi alikuwa hajui Kijaluo, amesimama na kalamu. "Amesemaje?" akamuuliza bibi.

Mama Turfena akatikisa kichwa. Akanisukuma mimi mbele. "Mwambie wewe. Mimi siwezi kumtaja mama kwa jina mbele ya watu."

Basi mimi, dereva wa darasa la nne, ndiye niliyesimama mbele ya meza ile nikasema, "Agola." Nikamtajia herufi moja moja, mbili nikazikosea, tukasahihishana. Bwana akaingia ofisini, akatoka na kadi nyeupe aliyoiandika kwa mkono, herufi kubwa zilizonyooka. Akaomba radhi kwamba ya mashine itakuja baadaye. Akaiondoa ile ya zamani, akaiweka mpya. Mama Turfena akaniambia nimsomee.

"Chungu cha maji. Mfinyanzi: Agola, binti wa Sakwa, Kenya. Kwa maelezo ya bintiye, Turfena."

"Tena."

Nikasoma tena. Akina mama wakatoka mmoja mmoja, kimya, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa siku tatu. Ule ugali waliubeba na kuula mbele ya safari, mistari yake yote. Mimi nilikwenda kuwasha gari, nikahesabu vichwa, kikapungua kimoja. Nikarudi.

Alikuwa bado pale mbele ya chungu cha nne, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Hakunisikia. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akasogea mpaka pumzi yake ikakigusa, akasema kwa sauti ndogo, "Agola."

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, kama mtoto aliyetukana, na mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

Nikamwambia, "Mama, gari linangoja."

"Liache lingoje," akasema, akalitaja lile jina tena.